Siku Aliyonyamaza Meya

Saturnina Huayta hakuwahi kuingia jikoni kwake kwa pupa. Wanawake wengine wa kijiji chetu cha Antapukyo huamka, huwasha moto, huwatupia simbilisi majani huku wakipiga miayo, kisha hao wanaendelea na mambo yao. Yeye alisimama kwanza mlangoni na fungu la majani ya lusini mkononi, akalitikisa mara moja tu. Pale pale jiko zima lililipuka kwa miluzi. Simbilisi thelathini na ushee, wa kahawia, weupe na wenye mabaka, walichomoka chini ya benchi na nyuma ya magunia ya viazi, vinyama visivyo na mkia vinavyojaza viganja viwili, wakampigia kelele kama watu waliodhulumiwa haki yao. Satu hakuwapa kitu. Alifumba macho akasikiliza. Wapiga kelele hawakumshughulisha, alimtafuta aliyenyamaza.

"Huyu mnyama ni mwongo," alipenda kusema. "Ng'ombe akiumwa atakulalia mlangoni. Simbilisi akiumwa anajikaza, kama mkwe anayeficha njaa ugenini. Ukingoja mpaka aonekane mgonjwa, jua unamchimbia shimo."

Haya hakuyaokota barabarani. Alipokuwa na miaka tisa aliona simbilisi mmoja wa mama yake amejikunyata pembeni hataki majani, akanyamaza kwa kuogopa atatumwa kukata mengine mlimani. Kwa wiki moja wakafa kumi na tisa. Mama yake hakumchapa. Alimfunga shuka usoni na kumkalisha jikoni kila asubuhi, msimu mzima wa mvua, amtajie kila simbilisi kwa sauti yake. Msimu ulipokwisha, Satu aliwajua wote kama mtu anavyowajua ndugu zake wakikohoa chumba cha pili.

Basi likazuka jina, na jina likavuka bonde: simbilisi wa Satu hawaugui. Watu walitoka vijiji vya mbali kuomba dume la mbegu kutoka jikoni kwake. Mzee Melitón, mganga wetu, ambaye humpitisha simbilisi mweusi juu ya mwili wa mgonjwa kisha humpasua mnyama huyo ili aone mgonjwa ana nini, alikuwa akisema mbele za watu kwamba simbilisi wa Satu ni kioo kisafi. Ukweli ni kwamba simbilisi wa Satu waliugua kama wa watu wengine, ila yeye aliwawahi. Aliyenyamaza asubuhi aliondolewa asubuhi hiyo hiyo, akawekwa peke yake kwenye kikapu kikubwa nyuma ya meko, juu ya nyasi kavu, na jiwe la moto lililoviringishwa sufu ubavuni. Alipewa majani laini mkononi, alipimwa uzito kila siku, alihudumiwa wa mwisho, na baada yake Satu alinawa mikono kwa jivu mpaka kwenye viwiko. Majirani hawakuyaona hayo. Waliona simbilisi wanaong'aa tu, wakasifu. Na Satu aliwaacha wasifu, maana sifa ni tamu, naye hakuwa malaika.

Kati ya wote hao, mmoja hakuwa wa sufuria. Alikuwa dume mweusi tii, bila unywele mweupe, mwenye miaka minne, aitwaye Meya, kwa sababu tumbo lilimtangulia na kazi hakuwa nayo. Alilala kwenye sketi ya Satu jioni akisokota sufu. Teodosio, mdogo wake Satu, fundi wa kuezeka vigae anayejulikana bonde zima kwa ulafi na mizaha, hakumwacha salama hata siku moja.

"Dada, huyu Meya anamaliza muhula lini? Viazi viko tayari."

"Mguse uone. Utaingia wewe sufuriani kwanza, na una mafuta kuliko yeye."

"Haya, haya! Mheshimiwa shikamoo!" Teodosio alimpigia Meya saluti, na Satu alicheka mpaka sufu ikamkatikia.

Mwaka huo, wiki ya sikukuu ya kijiji, Satu alinunua gulioni dume wa kahawia kutoka kwa mchuuzi mmoja wa ng'ambo ya mto. Mzee Melitón alikuwa ubavuni mwake, naye akachukua weusi watatu kwa mchuuzi yule yule. Simbilisi mgeni katika jiko la Satu hukaa darini wiki mbili peke yake ndipo ajiunge na wenzake. Lakini ilikuwa sikukuu, mgongo ulimuuma kwa kupikia wapiga vinubi, ngazi ya dari ilikuwa na tope. Siku ya tatu akamshusha. Ndilo kosa lake, na tangu hapo hakulificha.

Baada ya mwezi mmoja yule wa kahawia alikutwa amekufa. Satu alifyeka matandiko yote, akayachoma nje, akamwagia sakafu maji ya moto, na kila asubuhi akasikiliza mara mbili. Siku ya nane alitikisa lusini, miluzi ikalipuka, na ndani ya miluzi ile pakawa na pengo. Meya hakupiga.

Alimkuta chini ya benchi, amejikunja kama mpira, manyoya yamesimama. Alipompelekea jani mdomoni alilishika, akalishikilia hivyo hivyo bila kutafuna. Satu alimpapasa mgongoni, akausikia uti wa mgongo pale ambapo juzi palikuwa na nyama. Kinyesi chake kilikuwa laini na kidogo. Alimweka kikapuni, akamwekea jiwe la moto, akamdondoshea maji mdomoni kwa unyoya. Daktari wa mifugo alikuwa akija mjini siku ya gulio, yaani kesho yake. Satu alipanga kuteremka na Meya alfajiri. Kisha akapanda shamba la juu kukata majani safi, mahali panya hawafiki kuyachafua.

Aliporudi kikapu kilikuwa kitupu.

Mambo yalikuwa hivi. Teodosio alikuwa analalamika tumbo tangu sikukuu, na asubuhi ile lilimkaba mpaka akajitupa chini. Mkewe, Leonarda, mwanamke mwenye moyo mweupe na miguu myepesi, aliambiwa na Mzee Melitón alete mwenyewe, kama ilivyo desturi, simbilisi mweusi, dume, kwa kuwa mgonjwa ni mwanamume. Akakimbilia kwa wifi yake. Jikoni hapakuwa na mtu. Aliona nini? Aliona simbilisi mmoja mweusi ametengwa na wenzake, kalazwa kwenye nyasi safi, kawekewa majani teketeke na jiwe la kumpasha joto. Kwetu sote, simbilisi anayetengwa na kubembelezwa hivyo ni yule anayenoneshwa kwa jambo kubwa. Leonarda alidhani amempata aliye bora kuliko wote. Alimfunga kwenye shali akaondoka mbio.

Satu alipofika kwa mdogo wake, akihema, kazi ilikuwa imekwisha. Leonarda alikuwa amekaa kizingitini na uso umemvimba kwa kulia.

"Wifi, nisamehe nimemchukua Meya bila kukuuliza. Ningejua la kufanya? Na afadhali nisingemchukua. Ini lote lina madoa meupe, wifi! Kama mtu kamwaga punje za kinoa. Mzee anasema ini la Teo limekwisha. Anasema hatuli naye viazi vipya."

Satu alishika ukuta. Alimlilia Meya moyoni, sekunde chache tu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya zaidi.

"Leonarda, nisikilize. Meya alikuwa anaumwa. Yale madoa ni yake. Nilimtenga kwa sababu ya ugonjwa."

Leonarda alimtazama kwa huruma. "Usinifariji hivyo, wifi. Wa kwako wanaugua tangu lini?"

Ndani, Teodosio alikuwa ameugeukia ukuta. Satu alimweleza yote, dume wa kahawia, dari, ngazi yenye tope. Yeye akatabasamu.

"Dada, unanipenda mpaka umeanza uongo uzeeni."

"Nakwambia alikuwa mgonjwa, Teo!"

"Simbilisi wako hadanganyi. Bonde zima linajua. Niache nipumzike."

Siku tatu hakula. Muuguzi wa zahanati alipanda kumwona, akambonyeza tumbo, akasema huenda ni kidonda cha tumbo, na kwamba vidonda vinatibika, ila lazima ateremke hospitali. Teodosio alimjibu kwa adabu kwamba hana haja ya kwenda kufia mikononi mwa wageni. Supu ilipoa kwenye bakuli. Mtu aliyekuwa akila viazi kumi na viwili na kuulizia cha kumi na tatu alikuwa anashika kijiko, anakishikilia, anakirudisha. Satu aliyatambua hayo, kwa sababu alikwisha kuyaona kwa Meya chini ya benchi.

Na hapo ndipo palipomchoma. Jina lake lenyewe, lile aliloliacha likue kwa kunyamaza, ndilo lililokuwa linamuua mdogo wake. Laiti Meya angetoka jikoni kwa mtu mwingine yeyote, watu wangesema labda, huenda, tujaribu wa pili. Lakini ametoka kwa Satu.

Asubuhi ya nne alijifunga shali akaenda kwa Mzee Melitón. Alimkuta uani anawapa simbilisi wake maganda ya shayiri.

"Mzee, uliona ugonjwa wa mnyama ukampa mtu."

"Mama Satu," akasema mzee taratibu, "miaka thelathini mimi na wewe hatujakoseana heshima."

"Na leo sikukosei. Wale weusi watatu wa gulioni unao bado?"

"Ninao. Wako na wenzao wawili."

"Basi walete kwa Teo. Mbele ya watu, yeye mwenyewe akiona. Hao hawajapitishwa juu ya mwili wa mtu. Nitakwambia kwa nje nani mgonjwa, umpasue. Ikiwa ini lake ni safi, nitanyamaza mpaka nizikwe."

Mzee alimkazia macho. "Wanakula wote, mama. Wangu pia nawaangalia."

"Basi una hofu gani?"

"Hofu sina! Twende!" Mzee alikuwa na kiburi chake, na mimi simlaumu.

Habari zikatangulia. Jua lilipopanda, ua wa Teodosio ulijaa. Walimtoa mgonjwa wamemfunga blanketi la sufu, wakamwegemeza ukutani juani, macho yamezama. Wazee walikaa kwenye mawe. Wanawake wakanong'onezana, na si yote yaliyonong'onwa yalikuwa mema.

"Sasa anamfundisha mganga kazi?"

"Sifa zimempanda kichwani, nilisema mimi."

Satu aliyasikia. Alijua akimtaja mzima, Teodosio atarudi ndani ageukie ukuta, na safari hii hapatakuwa na mtu wa kumgeuza. Mzee Melitón aliweka sanduku chini, weusi watano, wanafanana kama viatu vya duka. Satu akawageukia watu.

"Kwanza nataka mjue," alisema kwa sauti, "mnasema simbilisi wa Saturnina hawaugui. Wanaugua. Wameugua kila mwaka. Meya aliugua kwa kosa langu mimi, nilichanganya mgeni bila kumtenga kwa sababu ya uvivu wa ngazi moja. Niliwaacha msifu kitu kisichokuwepo. Kilichopo ni hiki: najua kabla yenu. Hicho ndicho changu, na leo mtakiona. Nyamazeni."

Ua ukanyamaza. Akatikisa lusini. Miluzi ikatoka, yote pamoja, na simbilisi wote watano wakaja mbio ukingoni. Kicheko kikaanza nyuma.

"Wote wazima hao! Tazama wanavyokimbilia!"

Satu hakugeuka. Aliwapa kila mmoja bua lake, akainama, akafumba macho. Alisikia taya nne. Nyaka, nyaka, nyaka, nne zile zilikata bila kupumzika. Akafumbua macho. Wa pili kutoka kushoto alikuwa amekimbia na wenzake, amefungua mdomo na wenzake, bua analo mdomoni, na bua halipungui.

"Huyu anawaigizia," alisema. Akamnyanyua. "Mzee, lete mkono. Papasa mgongo. Sasa mpapase huyu mwingine. Umesikia mfupa? Tazama manyoya ya shingoni, yamegawanyika. Tazama huku nyuma alivyochafuka. Pumzi yake iweke sikioni. Huyu ana siku tatu, nne hajala, na kila asubuhi alikuja kukudanganya."

Mzee Melitón alipapasa. Uso ulikuwa umeanza kumshuka. "Huyu ndiye niliyemweka kwa ajili ya mchana wa leo," akasema polepole. "Kwa mtoto wa dada yangu anayeumwa."

"Mpasue."

Alimpasua pale pale, mbele ya blanketi la Teodosio. Ini lilitoka na madoa meupe, madogo, yametapakaa kama kinoa. Leonarda aliweka kiganja mdomoni.

"Mzee," Satu akauliza, na sauti sasa ilikuwa ya upole, "huyu umempitisha kwa nani?"

"Sijampitisha kwa mtu."

"Basi haya madoa ni ya nani?"

"Ya kwake." Mzee aliweka kisu chini. Kisha akasema kitu ambacho nilimheshimu nacho kuliko uganga wake wote: "Mgonjwa alikuwa simbilisi. Nimekukosea, Teodosio. Na sijui nimewakosea wangapi."

Satu alimletea maji na jivu, akamsimamia anawe mpaka viwikoni, akamwambia awatenge wale wanne kila mmoja mahali pake, asiwape simbilisi wageni majani ya wenyeji, na awateremshe kwa daktari wa mifugo siku ya gulio. Mganga wa Antapukyo aliitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kama mwanafunzi. Mpaka leo hampitishi simbilisi juu ya mtu kabla hajamleta jikoni kwa Satu asikilizwe, na watu wa bonde sasa hawasemi tena kwamba wanyama wa Satu hawaugui. Wanasema Satu anasikia, na jina hilo analipenda zaidi kwa kuwa ni la kweli. Hospitalini, wiki ile ile, waliona kidonda tumboni mwa Teodosio, wakampa dawa za miezi miwili, na sasa yuko juu ya mapaa ya watu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, watu walipokwisha kutawanyika, hakuna aliyejua bado kama imesaidia. Teodosio alilitazama ini, akamtazama dada yake, akaomba arudishwe ndani. Satu alikaa uani kwenye jiwe, mikono inanuka jivu, akafumba macho kwa uchovu na kwa mazoea. Alisikia kuku. Alisikia Leonarda anakuna sufuria. Chumbani palikuwa kimya, kimya kile kile alichokijua tangu ana miaka tisa, naye akakisikiliza na roho mkononi.

Kisha kutoka chumbani ikatoka sauti, ya mkwaruzo lakini ya hasira, ya mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Leonarda! We Leonarda! Humu ndani siku hizi hamli?"

Saturnina Huayta alijifunika uso kwa shali akalia, kisha akainuka kwenda kumenya viazi. Alimenya kumi na vitatu.